Cheti cha Kidato cha Nne na cha Sita hapa Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila matokeo yanapotoka, Januari kwa Kidato cha Nne na Julai kwa Kidato cha Sita, maswali huwa ni yale yale, Unguja na Pemba. Nimeyakusanya hapa kwa ajili ya wanafunzi, wazee wao, na wale walioacha skuli zamani ambao sasa wanataka kurudi. Jambo moja nataka lieleweke tangu mwanzo: kupata cheti ni jambo moja, na kupata cheti kitakachokufikisha unakotaka ni jambo jingine. Hilo la pili huamuliwa mapema sana, mara nyingi tangu siku ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu, wakati ambapo mtoto ana miaka kumi na tano au kumi na sita na hakuna mtu mzima aliyekaa naye kumweleza.

Cheti hiki kinatolewa na nani, Zanzibar au Bara?

Vyeti vya Kidato cha Nne na cha Sita vinatolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Baraza hili ni miongoni mwa mambo ya Muungano, kwa hiyo mtahiniwa wa Wete na wa Mwanza wanafanya karatasi ile ile, siku ile ile, na cheti chao ni kimoja. Baraza la Mitihani la Zanzibar lipo na lina kazi yake: linasimamia mitihani yetu ya ndani, ya msingi na ya Kidato cha Pili. Skuli, walimu na uchaguzi wa wanafunzi wa Kidato cha Tano viko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar. Ukiwa Pemba huna haja ya kuvuka bahari kwa kila jambo. Anzia kwa mwalimu mkuu wako, na likimshinda lipeleke ofisi ya wizara Chake Chake, kwa Afisa Mdhamini.

Nikimaliza Kidato cha Nne napewa karatasi gani?

Tatu, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni cheti cha kumaliza skuli, ambacho wengi wanakiita "livingi". Hiki anakitoa mwalimu mkuu, na kinaonesha kwamba ulisoma pale kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani na tabia yako ilikuwaje. Hata aliyefeli mtihani anakipata. Ya pili ni matokeo unayoyachapisha kutoka tovuti ya Baraza kwa namba yako ya mtihani. Yanatosha kuombea chuo kwa muda, lakini si cheti. Ya tatu ndiyo cheti chenyewe, chenye picha yako, namba yako, masomo na madaraja, na hufika kwenye kituo ulichofanyia mtihani miezi kadhaa baada ya matokeo.

Mwajiri akikuambia lete cheti cha Kidato cha Nne, anataka hiki cha tatu. Nimeona kijana amekwenda usaili na livingi peke yake, amevaa vizuri, amejiandaa, akarudishwa mlangoni.

Ni masharti gani yatimie ndipo niruhusiwe kufanya mtihani wa Kidato cha Nne?

Kwa mwanafunzi wa skuli, awe amefaulu mtihani wa Kidato cha Pili na kusoma Kidato cha Tatu na cha Nne, awe amesajiliwa na skuli yake kwa wakati, na awe na alama za maendeleo. Hizi za mwisho watoto wanazidharau. Kazi na mitihani ya ndani inarekodiwa na kupelekwa Baraza, nayo inaingia kwenye daraja lako la mwisho. Mtoto anayekosa mtihani wa muhula kwa sababu ya harusi ya shangazi amejipunguzia alama za mtihani wa taifa bila ya kujua.

Mtahiniwa wa skuli anasajiliwa masomo yasiyopungua saba na yasiyozidi kumi.

Nichague masomo gani?

Hapa ndipo ninapoomba wazee wakae na watoto wao. Masomo ya msingi ambayo karibu kila mwanafunzi anayafanya ni Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Uraia, Historia, Jiografia na Biolojia. Juu ya hayo kwetu wengi huongeza Elimu ya Dini ya Kiislamu na Kiarabu. Kisha inakuja njia panda ya Kidato cha Tatu: kuendelea na Fizikia na Kemia au kuyaacha, kuchukua biashara au kuiacha.

Chukua mfano wa msichana anayetaka kuwa muuguzi. Anaona Fizikia ngumu, mwalimu wake habishi, basi anaiacha na kubaki na Biolojia na Kemia. Miaka miwili baadaye anapata Divisheni ya Pili, nyumba nzima inafurahi. Anakwenda kuomba chuo cha afya na kukuta fomu inataka ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia. Cheti chake ni kizuri, lakini mlango ule umefungwa, na wa kuufunga ni fomu ya masomo aliyoijaza akiwa Kidato cha Tatu. Daraja la D ya Fizikia lingemtosha. Kwa hiyo kabla mtoto hajaacha somo, mwulize kwanza anataka kuwa nani, kisha tafuteni sifa za kujiunga za vyuo vya kazi ile. Vyuo vinazitangaza kila mwaka.

Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mohammed, skuli wameandika Moh'd. Kuna tatizo?

Lipo, na ni kubwa kuliko watu wanavyolidhania. Huku kwetu tuna mazoea ya kufupisha na kuandika tunavyosikia: Moh'd, Muhammad, Mohamed, Khamis na Hamis, Asha na Aisha, Abdalla na Abdullah, Salum na Salim. Nyumbani wote ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa mkopo, wa chuo au wa ajira ni watu wawili, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ni mmoja unaubeba wewe.

Jina linaloingia kwenye cheti ni lile lililosajiliwa kwa Baraza, na usajili huo unafuata kumbukumbu za skuli tangu madarasa ya chini. Kwa hiyo wakati wa kusahihisha ni kabla ya usajili kufungwa. Skuli nyingi hubandika orodha ya majina ya watahiniwa ukutani au kuipitisha darasani ili kila mtu ahakiki jina lake na kutia saini. Siku hiyo njoo na cheti cha kuzaliwa mkononi. Soma jina lako herufi kwa herufi: la kwanza, la baba, la babu. Usitie saini kwa haraka kwa sababu wenzako wako nyuma yako wanasukumana. Angalia na jinsia, na angalia masomo yote yapo.

Kama cheti cha kuzaliwa chenyewe ndicho chenye kosa, anzia kwa sheha, kisha nenda kwenye ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ya wilaya yako, na ufanye hivyo mtoto akiwa bado Kidato cha Pili au cha Tatu. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kitafuata jina hilo hilo, na cha Taifa vile vile.

Aliyekwisha kufanya mtihani na majina yakatofautiana, asitarajie cheti kuandikwa upya ili kifuate kitambulisho. Njia ya kawaida ni hati ya kiapo, kwa wakili au mahakamani, inayoeleza kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Iweke pamoja na cheti na uitoe kila unapoombwa. Na wanawake walioolewa: cheti kinabaki na jina la skuli, msihangaike kukibadilisha.

Madaraja na divisheni zinahesabiwaje Kidato cha Nne?

Kila somo lina daraja. Alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Kila daraja lina pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Zinachukuliwa pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi na kujumlishwa. Pointi chache ndiyo nzuri. Kuanzia 7 hadi 17 ni Divisheni ya Kwanza, 18 hadi 21 ya Pili, 22 hadi 25 ya Tatu, 26 hadi 33 ya Nne, na 34 au 35 ni sifuri.

Tufanye hesabu ya mwanafunzi mmoja wa kubuni aliyefanya masomo tisa. Kiswahili B, Dini ya Kiislamu B, Kiingereza C, Historia C, Uraia C, Kiarabu C, Jiografia D, Biolojia D, Hisabati F. Chukua saba bora: B mbili ni 4, C nne ni 12, na D moja ni 4. Jumla 20. Huyu ana Divisheni ya Pili, na F yake ya Hisabati pamoja na D ya Biolojia hazikuingia kwenye hesabu kabisa. Ndiyo maana kufanya masomo tisa kuna faida kuliko kufanya saba, ilimradi mtoto asielemewe. Aliyefanya saba tu hana somo la kuangusha. Kila F inakaa pale pale.

Ukikutana na cheti cha aliyemaliza Kidato cha Nne 2014 na hukuona divisheni, usishtuke. Mwaka ule ulitumika mfumo wa wastani wa pointi, GPA, na baadaye divisheni zikarudishwa. Cheti hicho ni halali kama vingine.

Nimepata Divisheni ya Nne. Nina cheti au sina?

Unacho. Kiwango cha chini cha kupata cheti ni C moja au D mbili. Fanya hesabu mwenyewe: C moja na F sita ni pointi 33, D mbili na F tano nazo ni 33, na 33 ndiyo mwisho wa Divisheni ya Nne. Mwenye D moja peke yake anafika 34, na hapo ni sifuri. Huyu hapati cheti.

Lakini Divisheni ya Nne si moja. Mwenye pointi 26 na mwenye pointi 33 wanaitwa jina moja, na mbele yao pametofautiana sana. Vyuo vingi vya ngazi ya cheti vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, vinataka ufaulu wa masomo manne, yaani D au zaidi, bila ya kuhesabu masomo ya dini. Mwenye D nne za namna hiyo anaingia. Mwenye C moja ya Kiswahili na F zilizobaki ana cheti mkononi na bado hajatimiza sifa za kozi hizo. Kwa hiyo badala ya kuuliza "divisheni ngapi?", angalia somo kwa somo.

Hisabati nimepata F. Ndiyo basi?

Hapana. Hukosi cheti kwa sababu ya Hisabati, wala Kidato cha Tano cha masomo ya sanaa. Ila ukitaka sayansi, biashara, benki au uhandisi, itakufuata. Ni bora uirudie mapema, mwaka unaofuata, kabla hujasahau hata kidogo ulichonacho.

Mbona mtoto wangu anajua vizuri anapoeleza kwa mdomo, lakini karatasini anafeli?

Mara nyingi jibu ni lugha. Ukitoa Kiswahili, Elimu ya Dini ya Kiislamu na masomo ya lugha nyingine, mtihani wa Kidato cha Nne unaulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kukusimulia Mapinduzi ya 1964 na sababu zake kwa nusu saa, lakini swali la Historia likimwambia "tathmini" au "linganisha" kwa Kiingereza, anaandika hadithi yote bila ya kutathmini wala kulinganisha, na anakosa alama. Hili linaniuma, kwa sababu ni elimu iliyopo kichwani isiyopata njia ya kutokea.

Dawa yake haipo kwenye twisheni ya mwezi wa mwisho. Achukue karatasi za mitihani iliyopita na kwa kila somo aandike maneno ya amri yanayotumika kwenye maswali, pamoja na maana yake na namna ya kuyajibu. Ni maneno yasiyozidi ishirini, na yanarudi kila mwaka. Kisha ajibu maswali kwa kuandika, mtu amsahihishie. Kambi za skuli za kujiandaa na mtihani ni nzuri kwa hili ikiwa muda unatumika kuandika badala ya kusikiliza tu.

Nahitaji nini ili niingie Kidato cha Tano?

Angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini, na C hizo zilingane na tahasusi unayoitaka, yaani mchanganyiko wa masomo matatu. Anayetaka HKL awe amefanya vizuri Historia, Kiswahili na Kiingereza. Anayetaka PCB, Fizikia, Kemia na Biolojia. Yule wa mfano wetu wa juu anafaa HKL bila ya shaka. Uchaguzi kwa skuli za serikali hufanywa na wizara ya huku kwetu, si TAMISEMI ya Bara, na nafasi kwenye skuli zenye sifa, kama Lumumba kwa Unguja au Fidel Castro kwa Pemba, zinagombewa. Kuwa na sifa za chini si dhamana ya kuchaguliwa skuli uliyoitaka. Ukipangiwa dahalia mbali na nyumbani, fikiri mara mbili kabla ya kukataa.

Kidato cha Sita kinahesabiwaje?

Hapa kipimo kinabadilika na watu wanachanganyikiwa. A ni 80 na kuendelea, B ni 70 hadi 79, C ni 60 hadi 69, D ni 50 hadi 59, E ni 40 hadi 49, S ni 35 hadi 39, na chini ya hapo ni F. Pointi zinakwenda moja hadi saba kwa mpangilio huo. Yanahesabiwa masomo matatu ya tahasusi tu. Pointi 3 hadi 9 ni Divisheni ya Kwanza, 10 hadi 12 ya Pili, 13 hadi 17 ya Tatu, 18 na 19 ya Nne, 20 na 21 sifuri. E moja, au S mbili, zinatosha kupata cheti.

Nina Divisheni ya Tatu ya Kidato cha Sita. Mbona chuo kikuu kimenikataa?

Kwa sababu vyuo vikuu havitumii pointi za Baraza. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ina hesabu yake, na inakwenda kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hapa pointi nyingi ndiyo nzuri. Kiwango cha chini cha kuingia shahada moja kwa moja ni masomo mawili ya ufaulu kamili, yaani E au zaidi, yenye jumla isiyopungua pointi 4, na masomo hayo yawe ndiyo yanayotakiwa na kozi.

Sasa tazama mwenye D, E na E. Kwa Baraza ana 4, 5 na 5, jumla 14, Divisheni ya Tatu, safi. Kwa TCU masomo yake mawili bora ni D na E, 2 na 1, jumla 3. Hakufika. Angekuwa na D mbili, au C moja na E moja, angeingia. Wazee wengi wanaona mtoto ameonewa, na sivyo. Huyu anaweza kuomba stashahada, ambako kwa kawaida panatakiwa ufaulu kamili wa somo moja na S ya somo jingine, akimaliza vizuri akapanda shahada kwa njia hiyo. Ni miaka imeongezeka, lakini anaingia kazini na ujuzi wa mkono.

Kumbuka pia kwamba hiki ni kiwango cha chini cha kitaifa. SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, Abdulrahman Al-Sumait kilichopo Chukwani na vyuo vya Bara kila kimoja kinaweza kutaka zaidi kwa kozi fulani, na udaktari unataka zaidi kuliko ualimu wa sanaa. Mkopo ni jambo jingine tena: kuna bodi ya Muungano na kuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na zote zitaangalia majina yako kwenye vyeti. Rudi ukasome jibu la Moh'd.

Niliacha skuli zamani. Naweza kupata cheti bila ya kurudi darasani na watoto?

Unaweza, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ikiwa ulifanya Kidato cha Nne ukafeli au unataka kuboresha, unasajiliwa kwenye kituo kinachopokea watahiniwa wa namna hii na unachagua masomo unayotaka kurudia. Ikiwa hukufika huko, kuna Mtihani wa Maarifa, QT: ukifaulu unaruhusiwa kufanya wa Kidato cha Nne. Kwa Kidato cha Sita uwe na C tatu za Kidato cha Nne na iwe imepita miaka miwili.

Usajili wa mtihani wa Novemba, wa Kidato cha Nne, huanza mwanzoni mwa mwaka huo huo, na wa Mei, wa Kidato cha Sita, huanza mwaka unaotangulia. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaanza kufikiria mtihani Agosti, wakati usajili umefungwa miezi mingi nyuma. Ukichelewa kidogo kuna faini juu ya ada. Ukichelewa sana unasubiri mwaka mzima. Ulipie kwa namba ya malipo unayopewa na mfumo, na weka risiti. Kama unarudia Kemia au Biolojia, hakikisha kituo kina maabara, maana kuna karatasi ya vitendo.

Ukirudia masomo mawili au matatu hupangiwi divisheni. Unapata madaraja ya masomo hayo, nawe unayaambatanisha na cheti cha kwanza.

Binti yangu alipata ujauzito akiwa Kidato cha Tatu. Ndiyo mwisho wa cheti?

Si mwisho. Zanzibar ilimruhusu mama mdogo kurudi skuli miaka mingi kabla ya Bara, ambako ruhusa ilitangazwa Novemba 2021. Aende na mzee wake, au mlezi, kwa mwalimu mkuu baada ya kujifungua na mtoto akiwa mkubwa kidogo. Wapo wanaoona haya kurudi darasa lile lile. Waombe kuhamia skuli nyingine. Na asiyeweza kabisa, njia ya mtahiniwa wa kujitegemea iko wazi. Ninawaomba shangazi na mabibi: mpeni nafasi ya kusoma jioni, mtoto alelewe na nyumba nzima.

Nikiugua siku ya mtihani?

Mjulishe mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, si baada ya matokeo, na upate taarifa ya daktari. Yeye ndiye anayewasiliana na Baraza. Mtahiniwa mwenye ulemavu ana haki ya karatasi ya nukta nundu au maandishi makubwa na muda wa ziada, lakini hali yake iandikwe wakati wa usajili.

Kuna mtu anauza karatasi za mtihani kwenye simu. Ni za kweli?

Achana naye. Ukikutwa na majibu au simu chumbani, matokeo yako yote yanafutwa, si ya somo hilo tu.

Cheti changu kimepotea, au kimeharibika. Nifanyeje?

Kwanza toa taarifa polisi upewe hati ya upotevu, tangaza kwenye gazeti, kisha omba Baraza kupitia tovuti yao. Huko utajaza namba ya mtihani, mwaka na kituo. Kama chuo au mwajiri anataka tu uhakika wa matokeo yako, unaweza kuomba Baraza lithibitishe matokeo hayo kwake moja kwa moja, na hilo ni rahisi kuliko kupata cheti kipya. Ndiyo maana namba yako ya mtihani uiandike mahali zaidi ya pamoja.

Kuhusu kuharibika, nasema hivi kwa sababu ya hali ya hewa yetu. Vyeti vingi nilivyoviona vimekufa havikuungua wala kuibiwa. Vilikufa kwa unyevu. Kimewekwa kwenye fremu ukutani, karatasi ikashika kioo, siku ya kukitoa wino unabaki kwenye kioo. Au kimewekwa chini ya godoro, masika ikaja na paa likavuja. Kiweke kwenye faili la plastiki ndani ya sanduku lililoinuka kutoka sakafuni, na usikipige laminesheni, maana plastiki yake haiondoleki tena na alama za usalama zinakuwa ngumu kukaguliwa. Kipige picha safi kwa simu na ujitumie kwa barua pepe. Unapoomba kazi peleka nakala iliyothibitishwa na wakili au hakimu. Cha asili kitoe siku ya usaili tu, nawe urudi nacho.

Nilisoma Oman au Kenya. Cheti changu kinakubalika hapa?

Kipeleke Baraza la Mitihani la Tanzania kifanyiwe ulinganifu. Watakupa barua inayoonesha kinalingana na kiwango gani hapa. Kilichoandikwa kwa Kiarabu kitafsiriwe na mtu anayetambulika. Fanya hivyo kabla ya kuomba chuo, kwa sababu mfumo wa maombi utakudai barua hiyo. Cheti cha shahada kinapelekwa TCU, cha ufundi NACTVET.

Nimepata sifuri. Niende wapi?

Una njia mbili, na unaweza kuzipita zote kwa pamoja. Ya kwanza ni kurudia masomo machache uliyoyakaribia, badala ya kurudia yote. Angalia Kiswahili na Dini kwanza, kisha ongeza Uraia au Historia. Kumbuka kwamba cheti kinataka D mbili tu, ila chuo kinataka nne zisizo za dini. Ya pili ni mafunzo ya amali. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi kwa Unguja, na Vitongoji na Daya Mtambwe kwa Pemba. Fundi umeme, fundi wa mafriji au mshoni mwenye cheti chake cha ufundi hakai kitako, hasa na hoteli hizi zilizojaa pwani ya mashariki na kaskazini.

Nimemaliza miaka mingi na cheti changu sikuwahi kukichukua. Bado kipo?

Huenda kipo. Nenda mwenyewe kwenye skuli au kituo ulichofanyia mtihani ukiwa na kitambulisho na namba ya mtihani. Usimtume ndugu, kwa sababu unatakiwa kutia saini. Kama kulikuwa na vitabu vya skuli ulivyobaki navyo, vipeleke siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu ataangalia kabatini, na kama kimesharejeshwa kwa Baraza atakuelekeza. Kabla hujatoka ofisini, kisome chote: jina, picha, masomo, madaraja, mwaka. Ukiona kosa, lisemee hapo hapo.